Jinsi ya Kutafuta Chumvi ya Mto wa Jangwani Inakotoka: Mfano wa Colorado na Mazoezi ya Ruzizi

Wanafunzi wa jiografia na wa kilimo hapa Bukavu, wakipewa kazi ya mwisho wa masomo juu ya mto wa jangwani, huniletea mara nyingi rasimu yenye kosa lile lile. Wamepata kipimo cha chumvi katika maji ya juu ya mto, wamepata kingine cha chini ambacho ni kikubwa mara tano au mara kumi, na papo hapo wameandika kwamba njiani mto umeongezewa chumvi mara tano au mara kumi. Huenda ni kweli kwa kiasi fulani, na huenda si kweli hata chembe. Sombe iliyosahauliwa juu ya mbabula hukolea chumvi bila mtu kuongeza hata kijiko kimoja, kwa sababu kilichoondoka ni maji. Mto unaopita jangwani hufanyiwa mambo mawili kwa pamoja: huongezewa chumvi, na hupunguziwa maji. Anayetafuta vyanzo vya chumvi hana budi kuyatenganisha mambo hayo kabla ya kumlaumu mkulima, bwawa au mlima.

Nimeuchagua mto Colorado wa Marekani kuwa mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa mito ya jangwani iliyopimwa kwa muda mrefu zaidi na kwa ugomvi mkubwa zaidi, na palipo na ugomvi wa maji hapakosekani vipimo. Mwishoni nitakurudisha kwenye mto wetu wa Ruzizi, ambao si wa jangwani lakini una chumvi ya kutosha kwa mazoezi, tena unaanzia mlangoni petu.

Anza na ramani kabla ya chupa

Usianze kwa kuchota maji. Anza kwa kuchora bonde lote, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto huo. Bonde la Colorado lina ukubwa wa kilomita za mraba 640,000 hivi, na mto wenyewe una urefu wa kilomita 2,300 na ushei. Unaanzia kwenye milima ya Rocky, unapita au kukusanya maji katika majimbo saba ya Marekani (Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Arizona, Nevada na California), kisha unaingia Meksiko, ambako zamani ulikuwa ukimwaga maji yake katika Ghuba ya California. Siku hizi kwa kawaida hukauka kabla ya kuifikia bahari, na jambo hilo peke yake lilipaswa kumstua mwanafunzi: mto usiofika baharini hauna mahali pa kuipeleka chumvi yake, nayo hubaki mashambani, katika maji ya chini ya ardhi na katika madimbwi ya mwisho.

Juu ya ramani hiyo weka tabaka la mvua. Vilele vya milima ya Rocky hupata theluji nyingi, na sehemu kubwa ya maji ya mto hutokana na theluji hiyo inapoyeyuka kati ya Aprili na Julai. Huko chini, mji wa Yuma katika Arizona hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka, ilhali Bukavu tunapata zaidi ya milimita 1,300. Kwa hiyo ni mto uliozaliwa mahali penye maji mengi ukatumwa kupita mahali ambapo jua hunyang'anya maji kuliko mbingu zinavyotoa. Mito mingi ya jangwani iko hivyo, kama Nile inayopita Sudan na Misri, au Amu Darya katika Asia ya Kati. Andika katika daftari lako ni wapi hasa mto unavuka mpaka huo, yaani mahali ambapo uvukizaji unaizidi mvua, kwa sababu kuanzia hapo kila kilomita ina uwezo wa kukoleza maji hata kama mwamba hautoi kitu.

Kisha weka tabaka la miamba, na hapa usifanye haraka, maana ndipo penye siri ya bonde zima. Miamba migumu ya vilele vya Rocky huyeyuka kwa shida sana, kwa hiyo maji ya chanzo huwa na chumvi ya miligramu 50 hivi kwa lita, maji matamu kabisa. Lakini mto ukishuka unakuta miamba ya namna nyingine. Miaka milioni 80 hadi 95 hivi iliyopita bahari ililigawa bara la Amerika ya Kaskazini katikati, na tope la chini ya bahari hiyo liligeuka kuwa mwamba laini wa kijivu uitwao Mancos, wenye jasi na chumvi nyingine ndani yake. Mwamba huo umelala chini ya mashamba mengi ya magharibi ya jimbo la Colorado na ya Utah. Ya zamani zaidi, ya miaka milioni 300 hivi, ni matabaka mazito ya chumvi halisi yaliyobaki wakati ghuba moja ya bahari ilipokauka tena na tena. Chumvi hiyo, kwa kuwa ni nyepesi na hulainika ikikandamizwa, ilipanda juu kama mkate unaoumuka, ikainua miamba iliyokuwa juu yake, kisha sehemu ya juu ikayeyushwa na maji na kuporomoka. Bonde la Paradox lilizaliwa hivyo. Jina hilo lina maana ya jambo linalojipinga lenyewe: mto Dolores haufuati urefu wa bonde hilo kama mito mingine inavyofanya, bali unalikata kwa upana, unaingia ukutani upande mmoja na kutokea ukutani upande wa pili.

Kwa ramani hizo tatu tu, za maji, mvua na miamba, unaweza kutabiri mahali mto utakapokolea, na mahali utakapokolea kwa sababu gani. Tabiri kwanza na uandike utabiri wako kwa wino. Mwanafunzi asiyetabiri huona kila kipimo kuwa cha kawaida.

Pima vitu viwili mahali pamoja

Sasa ndipo chupa inapohitajika, lakini si chupa peke yake. Kila kituo cha kupimia kinahitaji namba mbili: ukolevu wa chumvi, ambao ni miligramu za chumvi katika lita moja ya maji, na mtiririko, ambao ni mita za ujazo za maji zinazopita kwa sekunde. Ukolevu usio na mtiririko ni kama bei ya kilo moja ya sukari pasipo kusema umenunua kilo ngapi: huwezi kujua umetumia fedha kiasi gani.

Kwa ukolevu, njia ya haraka ni kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji, na ioni ndizo zinazoubeba umeme ndani ya maji. Jibu hutolewa kwa mikrosimensi kwa sentimita. Hakikisha kifaa kinalirekebisha jibu kulingana na joto la nyuzi 25, kwa kuwa kila nyuzi moja hubadilisha kipimo kwa karibu asilimia 2, na maji ya mto wa mlimani asubuhi si maji ya mchana. Ili kupata miligramu kwa lita, zidisha jibu kwa namba iliyo kati ya 0.55 na 0.75 hivi. Namba hiyo si moja kwa mito yote, kwa kuwa inategemea aina ya chumvi iliyomo. Kwa hiyo, angalau kwa sampuli chache, kausha kiasi cha maji yaliyochujwa kinachojulikana katika tanuri la maabara, pima uzito wa masalio kwa mizani nzuri, kisha ujitafutie namba ya mto wako. Ni kazi ya kuchosha, lakini nimeona kazi nzima zikianguka mbele ya jopo kwa sababu ya namba ya kuazima.

Kuchota kwenyewe kuna adabu zake. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale unayokwenda kuyachukua. Chota katikati ya mkondo, si ukingoni ambapo maji hulala na kuvukizwa. Kama kijito au chemchemi ya chumvi imeungana na mto, shuka mbali kiasi cha maji hayo kuchanganyika kabla ya kuchota, la sivyo utapima upande mmoja wa mto ukadhani umeupima mto. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, nilibeba sampuli sita katika vibidoni vilivyooshwa kwa sabuni ya unga, na kwa wiki nzima nilishangilia ugunduzi wa chemchemi ya sodiamu ambayo haikuwapo duniani isipokuwa ndani ya vibidoni vyangu.

Kwa mtiririko, tumia takwimu za vituo rasmi kila zinapopatikana. Katika Colorado vituo hivyo vipo vingi, na kumbukumbu zake zinafika nyuma miaka mingi. Kama hakuna kituo na kijito ni kidogo, pima upana, pima kina mahali kadhaa, kisha achia kitu kinachoelea, kama chungwa au chupa iliyojazwa maji nusu, uhesabu sekunde zake katika umbali unaoujua. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi hiyo kwa 0.85 kabla ya kuizidisha kwa eneo la mkato wa mto.

Majira yasisahauliwe. Theluji inapoyeyuka, Colorado hujaa na ukolevu hushuka. Wakati wa baridi mto hupungua, sehemu kubwa ya maji yake hutoka chini ya ardhi, na ukolevu hupanda. Anayepima mwezi Juni tu ataandika kwamba mto ni mtamu, na anayepima mwezi Januari tu ataandika kinyume chake, na wote wawili watakuwa wamepima vizuri.

Hesabu mzigo, uone nani ameongeza nini

Ukiwa na namba mbili, zizidishe upate mzigo wa chumvi, yaani tani zinazopita kituoni kwa siku. Kanuni ni fupi: miligramu kwa lita, mara mita za ujazo kwa sekunde, mara 0.0864. Namba hiyo ya mwisho hutokana na sekunde 86,400 zilizomo katika siku moja.

Tuchukue mto wa kubuni ili hesabu ionekane wazi. Katika kituo cha juu maji yana miligramu 400 kwa lita na mtiririko ni mita za ujazo 100 kwa sekunde. Mzigo ni 400 mara 100 mara 0.0864, yaani tani 3,456 kwa siku. Kati ya kituo hicho na kile cha chini, mifereji inachukua mita 40 kwenda mashambani. Mimea na jua vinatumia 30, na 10 zinarudi mtoni kupitia mitaro. Mmea hunywa maji na kuiacha karibu chumvi yote nje ya mizizi yake. Kwa hiyo zile mita 10 zinazorudi zimebeba chumvi yote iliyoingia na mita 40, na ukolevu wake umekuwa miligramu 1,600. Huko chini mto una mita 70. Mzigo ni ule ule wa tani 3,456, lakini ukolevu umepanda hadi miligramu 571 kwa lita. Hakuna aliyeongeza hata gramu moja ya chumvi.

Sasa tuseme umepima kituo cha chini ukakuta si 571 bali ni 700. Mzigo wa hapo ni 700 mara 70 mara 0.0864, ambao ni tani 4,234 kwa siku. Ukitoa 3,456 zinabaki tani 778, na hizo ndizo zilizoongezwa njiani kweli kweli: na chemchemi, na kijito, au na maji ya umwagiliaji yaliyozama kwenye mwamba wa chumvi kabla ya kurudi. Kupanda kutoka 400 hadi 700 kulikuwa na sehemu mbili, miligramu 171 za kupungukiwa maji na miligramu 129 za kuongezewa chumvi. Sentensi hiyo, yenye namba zake, ndiyo ambayo jopo linaitaka. Sentensi isemayo tu kwamba chumvi iliongezeka kutoka 400 hadi 700 haijasema lolote kuhusu chanzo.

Ipo hali ya tatu, na hiyo ndiyo humdanganya mtu zaidi. Mzigo wa chini unaweza kuwa mdogo kuliko wa juu. Mwanafunzi hufurahi, huandika kwamba mto umejisafisha. Mto haujisafishi chumvi kwa njia hiyo. Isipokuwa kama maji yamehamishwa kwenda bonde lingine pamoja na chumvi yake, ujue kwamba chumvi inabaki mahali fulani, mara nyingi katika udongo wa mashamba, na baada ya miaka utaiona imetoka juu kama unga mweupe. Mashamba yanayobaki na chumvi hiyo ndiyo yanayolipa ili mto uonekane mzuri.

Katika Colorado mabwawa yanaingia katika hesabu hii kwa uzito mkubwa. Ziwa Mead, lililotokana na bwawa la Hoover lililokamilika miaka ya 1930, na ziwa Powell, lililoanza kujazwa mwaka 1963 nyuma ya bwawa la Glen Canyon, yametandazwa chini ya jua la jangwa, na maji yanayovukizwa huko hayachukui chumvi pamoja nayo. Kwa upande mwingine, maziwa hayo huchanganya maji ya mafuriko na ya kiangazi, kwa hiyo hupunguza kupanda na kushuka kwa ukolevu mwaka hadi mwaka. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba mzigo unaopita Hoover ulikuwa wa wastani wa tani milioni tisa hivi kwa mwaka.

Iulize chumvi yenyewe

Mzigo hukuambia ni kiasi gani kimeongezwa na kati ya vituo gani, lakini haukuambii na nini. Kwa hilo unahitaji maabara ikupimie ioni kuu: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu, kloridi, salfeti na bikaboneti.

Kanuni ya kwanza ni hii: ioni zote zikipanda kwa uwiano mmoja kati ya vituo viwili, shuku uvukizaji, moja au mbili zikizitangulia nyingine, shuku mwamba au mkono wa mtu. Kloridi ni shahidi mwema kwa sababu haigandi kirahisi wala haimezwi sana na udongo. Ikiwa kloridi imekuwa mara mbili na sodiamu imekuwa mara mbili, lakini salfeti imekuwa mara nne, basi nusu ya salfeti hiyo ina mwenyewe. Tahadhari ni kwamba maji yakikolea sana, kalsiamu na bikaboneti huungana na kuganda kuwa chokaa, jambo ambalo hutokea hata katika mabwawa makubwa. Kupungua kwake kusikufanye uone muujiza.

Kanuni ya pili inahusu jozi. Kalsiamu na salfeti zikipanda pamoja, jasi iko karibu, na katika Colorado hapo utaukumbuka mwamba wa Mancos. Sodiamu na kloridi zikipanda pamoja, na uzito wa sodiamu ukiwa karibu 0.65 ya uzito wa kloridi, unaionja chumvi ile ile ya mezani, ambayo hutoka kwenye matabaka ya chumvi au kwenye maji yaliyopita humo. Chemchemi za moto za eneo la Glenwood na Dotsero, kando ya Colorado yenyewe, ni za namna hiyo, na huingiza mtoni tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Zipo pia chemchemi za LaVerkin kwenye mto Virgin, na Blue Springs karibu na mwisho wa Colorado Ndogo, ambazo maji yake ni ya buluu ya kupendeza na chumvi yake ni nyingi mno. Kwetu jambo hili si geni: wazee wa ziwa Tanganyika walijua chumvi ya chemchemi za Uvinza, na chumvi ya ziwa Katwe ilisafirishwa mbali kabla ya mistari ya mipaka ya leo kuchorwa. Tofauti ni kwamba huku chemchemi yenye chumvi ilikuwa mali, huko kwa mkulima wa chini ya mto ni hasara.

Tenga ya asili na ya watu, bila pupa

Hapa ndipo siasa huingilia, kwa hiyo andika kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya chumvi ya Colorado, karibu nusu kwa makadirio ya serikali ya Marekani ya miaka ya 1970, ni ya asili: ingekuwapo hata kama hakuna mtu aliyewahi kuishi katika bonde hilo. Umwagiliaji unafuata. Viwanda na miji huchangia kidogo sana, ingawa ndivyo mwanafunzi huvitaja kwanza, labda kwa sababu moshi huonekana na maji yanayozama hayaonekani.

Lakini mstari kati ya asili na mtu si mnyoofu. Katika bonde la Grand Valley, magharibi mwa jimbo la Colorado, mifereji ya udongo ilikuwa ikivuja, na mashamba yalikuwa yakimwagiwa maji mengi kuliko mimea ilivyohitaji. Maji ya ziada yalizama hadi kwenye mwamba wa Mancos, yakaiyeyusha chumvi iliyolala humo tangu zama za bahari, yakaisukuma mtoni. Chumvi ni ya asili, safari yake ni ya watu. Ndiyo maana tiba iliyochaguliwa haikuwa kuichimba chumvi bali kuisakafia mifereji, kutia mabomba na kupunguza maji yanayozama. Katika jedwali lako weka safu ya pekee kwa chumvi ya namna hii, usiilazimishe upande mmoja.

Kinyume chake ni bonde la Paradox, ambako chanzo ni cha asili kabisa na mtu ndiye aliyejaribu kukizuia. Maji ya chini ya ardhi hapo yana chumvi mara saba au nane kuliko bahari, na hupenya yakaingia katika mto Dolores. Visima vilichimbwa kuyanasa kabla hayajafika mtoni, na kuanzia mwaka 1996 yakawa yakishindiliwa katika kisima chenye kina cha karibu kilomita tano, kikizuia tani laki moja hivi kwa mwaka. Kushindilia maji katika mwamba wenye nyufa huamsha matetemeko. Mwezi Machi 2019 lilitokea moja la ukubwa wa 4.5, na kazi ikasimamishwa. Sisi tuliotikiswa hapa tarehe 3 Februari 2008 hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi mambo yote mawili, kuongezewa na kupunguziwa, ni cha Meksiko. Mkataba wa mwaka 1944 uliipa nchi hiyo kilomita za ujazo 1.85 za maji kwa mwaka, bila kusema waziwazi maji ya namna gani. Mwaka 1961 mashamba ya Wellton-Mohawk katika Arizona yalianza kupampu maji yao ya chini ya ardhi, yenye chumvi kali, na kuyarudisha mtoni. Wakati huo huo maji ya kuyazimua yalikuwa yakipungua. Ukolevu wa wastani mpakani uliruka kutoka miligramu 800 hivi hadi karibu 1,500 katika muda mfupi, na wakulima wa bonde la Mexicali wakaona mimea yao ikinyauka. Angalia: laiti mtu angetafuta sababu moja tu, angekosea nusu. Makubaliano ya mwaka 1973 yaliweka kikomo kwa kulinganisha maji yanayofika Meksiko na yale ya bwawa la Imperial, lililo Marekani karibu na mpaka, na sheria ya kuzuia chumvi katika bonde hilo ilitungwa Marekani mwaka 1974. Tangu hapo viwango vya kuongoza ni miligramu 723 chini ya Hoover, 747 chini ya bwawa la Parker na 879 katika Imperial. Zisome namba hizo kwa mpangilio wake na utaiona sura ya mto wa jangwani: kila bwawa la chini limeruhusiwa chumvi zaidi kuliko la juu yake. Maji ya mitaro ya Wellton-Mohawk nayo yakaelekezwa kwenye mfereji wa pekee hadi Ciénega de Santa Clara, upande wa Meksiko, ambako yalizaa oevu kubwa lenye ndege, jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelipanga.

Mazoezi ya Ruzizi

Kabla ya kukaa mezani na takwimu za Colorado, shika kifaa uende kwenye daraja la Ruzizi. Mto unatoka hapo katika ziwa Kivu, na utakuta mikrosimensi 1,200 hivi kwa sentimita, kiasi ambacho mito mingi ya mlimani haikifikii kamwe. Mvua yetu ni nyingi, jangwa hatuna, basi chumvi hiyo imetoka wapi? Chora ramani zako tatu uone. Ziwa lipo katika bonde la ufa, limezibwa kaskazini na volkeno za Virunga, na katika vina vyake vya chini, maana kina chake kinakaribia mita 485, huingia chemchemi za moto zenye chumvi, ambazo maji yake hupanda juu pole pole mno. Ukipima ioni utakuta bikaboneti, sodiamu na magnesiamu vikitawala, na kloridi ikiwa kidogo. Hii si chumvi ya bahari iliyokauka kama ya Paradox, ni ya miamba ya volkeno na gesi ya kaboni inayoitafuna. Hapo pia utaona kwa nini namba ya kuzidishia ya kitabuni haikutoshi.

Kisha teremka Ngomo hadi Kamanyola, ukipima kila tawimto kabla halijaingia mtoni. Si safari ya kwenda peke yako, na ulizia hali ya barabara kwanza. Tarajia ukolevu wa Ruzizi ushuke, kwa kuwa matawi yanayotoka milimani ni matamu, huku mzigo ukibaki karibu pale pale: kinyume kabisa cha mto wa jangwani, na ndiyo maana zoezi hili linafaa. Ukifika katika tambarare, kuelekea Luvungi, Sange na Kiliba, mvua inapungua chini ya milimita 1,000 na mashamba ya kumwagiliwa yanaanza. Huko pima maji ya mfereji yanapoingia shambani na ya mtaro yanapotoka. Hayo ndiyo maji machache katika bonde letu yatakayokuonyesha tabia ya Colorado.

Ukirudi mjini, pima pia mto Kawa juu na chini ya makazi, uone jinsi chumvi inayotokana na sabuni na vyoo ilivyo, na jinsi kloridi yake isivyofuatana na ya ziwa. Jumlisha mizigo yote katika jedwali moja. Jumla haitalingana sawasawa. Sita kwa mia au kumi kwa mia itabaki bila mwenyewe. Iandike safu hiyo ya mwisho kwa jina lake, baki lisiloelezwa, usiigawe kwa siri kati ya vyanzo vingine, kisha urudi kupima tena masika yatakapoanza.